UZI: Kabla hujaomba profoma ya aplikesheni ya biashara yako, piga hesabu ya miaka mitatu

#1 · Mleta uzi

Wakuu, habari za majukumu.

Swali ninaloulizwa kuliko yote kwenye kazi hii ni "aplikesheni ni shilingi ngapi?" Anayeuliza ana duka, shule, saluni au pikipiki za kusambaza mizigo, na tayari ana bei tatu mkononi: mmoja kamwambia milioni 2, wa pili milioni 15, wa tatu milioni 60. Anahisi kuna mtu anataka kumpiga. Mara nyingi wote watatu ni wakweli, ila kila mmoja kapigia hesabu kitu chake, kwa sababu mwenye biashara alisema "nataka kama ile ya fulani" na hakuandika popote nani ataitumia na kufanyia nini.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnaopinga mpinge vizuri: usipange bajeti ya kutengeneza, panga bajeti ya kumiliki kwa miaka mitatu. Ukiona pesa haitoshi, punguza kazi za programu. Miaka usiiguse.

Nichukue biashara ambayo wengi tunaijua, wakala wa gesi ya kupikia pale Mbagala. Ana maduka mawili, bodaboda watano, mitungi ya kilo 6 na kilo 15. Wateja wanapiga simu, msichana wa kaunta anaandika kwenye daftari, bodaboda anaondoka. Soko linakua, Serikali yenyewe kwenye mkakati wake wa nishati safi wa 2024 hadi 2034 inalenga 80% ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Wakala anataka mteja aagize kwenye simu, alipe, mtungi ufike.

Nimeweka siku za kazi za mtu mmoja mwenye uzoefu, toleo la kwanza, Android peke yake:

- Mteja kujisajili kwa namba ya simu na kuithibitisha: siku 4
- Orodha ya mitungi, bei, kuagiza: siku 6
- Mteja kueleza alipo: siku 5
- Malipo kwa simu: siku 10
- Upande wa bodaboda: siku 8
- Paneli ya ofisini (ukurasa wa kusimamia bei, oda na bodaboda): siku 12
- Seva na kanzidata (kompyuta ya mbali inayoendesha programu, na ghala lake la taarifa): siku 8
- Ubunifu wa muonekano: siku 8
- Majaribio na marekebisho: siku 12
- Kupandisha Play Store na karatasi zake: siku 2

Jumla siku 75. Tuseme siku moja ni sh 150,000. Hiyo ni namba yangu ya mfano, weka yako. Inakuja sh 11,250,000.

Sasa angalia hiyo orodha tena. Vile vitu vitatu vya juu, ambavyo mteja anavishika kwa kidole na ndivyo mwenye biashara alivyonieleza kwa dakika ishirini, ni siku 15 kati ya 75. Paneli ya ofisini hakuitaja kabisa. Lakini bila paneli nani atabadilisha bei mtungi ukipanda? Nani ataona bodaboda gani kabeba oda mbili na gani amekaa kijiweni? Ile profoma ya milioni 2 uliyopewa, nenda katafute neno "paneli" ndani yake.

Nikae kidogo kwenye malipo, maana hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Mwenye biashara anaona kitufe kimoja kimeandikwa LIPA. Anauliza, siku 10 za nini?

Mteja akibonyeza, seva yako inatuma ombi kwa mtandao wa simu, au kwa kampuni ya kati inayounganisha M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas na HaloPesa kwa pamoja. Kwenye simu ya mteja kinatokea kidirisha cha kuweka namba ya siri. Anaweka, pesa inakatwa, na mtandao unatakiwa urudishe jibu kwenye seva yako kwamba muamala umekamilika. Siku mtandao ukiwa mzuri, sekunde chache imeisha. Jioni ambayo mtandao unasuasua jibu linachelewa dakika kadhaa. Mteja ameshapata meseji ya kukatwa, programu bado inasema "haijalipwa". Anabonyeza tena, anakatwa mara ya pili. Anapiga dukani anafoka, na msichana wa kaunta hana pa kuangalia.

Fundi makini anazuia haya yote: kila oda ina kumbukumbu namba yake, ombi la pili linakataliwa la kwanza likiwa bado halijajibiwa, seva yenyewe inaenda kuuliza mtandao "ule muamala umefikia wapi?", usiku miamala yote inalinganishwa na oda zote, na ofisini kuna ukurasa wa malipo yenye utata na namna ya kurudisha pesa. Kazi hiyo yote inakaa nyuma ya kitufe kimoja. Anayekutoza siku mbili kwa malipo ameacha nusu ya kazi, na nusu hiyo utailipa kwa wateja.

Turudi kwenye hesabu ya miaka mitatu. Kutengeneza 11,250,000. VAT 18% kama anayekuuzia amesajiliwa, 2,025,000. Akiba ya tahadhari, mimi huweka 20%, 2,250,000. Matengenezo kila mwaka, kwa desturi watu hukadiria 15% hadi 20% ya gharama ya kutengeneza. Nimeweka 20% kwa miaka mitatu, 6,750,000. Seva sh 100,000 kwa mwezi, 3,600,000. Meseji za uthibitisho 50,000 kwa mwezi, 1,800,000. Kuwafikia wateja, kubandika vipeperushi kwenye mitungi, ofa ya oda ya kwanza, kuwafundisha bodaboda: 3,000,000. Jumla sh 30,675,000.

Kwa hiyo aplikesheni ya milioni 11 ni ya milioni 30. Sasa tuone inajilipaje. Tuseme kila mtungi wa ziada unabakiza faida ya sh 3,000 baada ya kumlipa bodaboda. Gawanya: mitungi 10,225 ndani ya miezi 36, yaani kama 284 kwa mwezi, karibu mitungi 10 kila siku ambayo bila programu usingeiuza. Uliokuwa unauza kwa simu usiuhesabu, huo ulikuwa wako tayari. Wakala akiona mitungi 10 ya ziada kwa siku inawezekana, aingie. Akiona ni ndoto, bora ajue leo.

Karibuni.

#2 · Mchangiaji, Dodoma

Mkuu uzi mzuri, ila milioni 11 umeniacha hoi. Kuna vijana wamemaliza chuo juzi wanafanya hiyo kitu kwa laki nane na inafanya kazi. Nimeiona kwa macho.

#3 · Mleta uzi

Mkuu, hao vijana siwabezi hata kidogo, wengine wana vipaji kuliko sisi wazee. Laki nane inawezekana, na inafaa sana kama unataka kuonyesha wazo kwa mbia au kwa benki. Swali langu ni Jumamosi saa mbili usiku, oda 40 zimesimama, seva imelala. Nani anapokea simu? Kijana ameshapata ajira mkoa mwingine, ile laki nane aliila mwezi wa kwanza, na hamkuandikiana chochote cha kumlipa aendelee. Ndiyo maana natenga matengenezo tangu siku ya kwanza, hata kwa kijana huyohuyo. Mpe laki nane zake na mkataba wa kila mwezi.

Na matengenezo si kurekebisha makosa tu. Google kila mwaka inasogeza kiwango: ifikapo 31 Agosti, programu mpya na masasisho vinatakiwa kulenga mojawapo ya matoleo ya karibuni ya Android. Kuanzia 31 Agosti 2025 ilikuwa Android 15. Usipogusa programu yako kwa miaka miwili, siku unataka kurekebisha kosa dogo la bei unaambiwa kwanza upandishe kiwango, na hapo baadhi ya vipande vya ndani vinakataa, kazi ya nusu siku inakuwa ya wiki.

Jambo la pili ni umiliki, na hili tafadhali mlishike. Akaunti ya Play Store ifunguliwe kwa jina la biashara yako na barua pepe ya biashara yako. Ada ni dola 25 mara moja tu. Akaunti ya kampuni inadai namba ya D-U-N-S, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha kampuni, ambayo kuiomba ni bure ila inachukua muda, ianze mapema. Ukifungua akaunti ya mtu binafsi, zile zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 zinatakiwa kwanza kupata wajaribu 12 watakaokaa na programu siku 14 mfululizo ndipo uruhusiwe kuitoa kwa umma. Watu wanatangaza siku ya uzinduzi bila kulijua hilo.

Seva iwe kwa jina lako, kikoa (anwani ya tovuti) kwa jina lako, msimbo chanzo (maandishi yenyewe ya programu) ukabidhiwe kila hatua inapolipwa, na mkataba useme wazi kuwa hakimiliki inahamia kwako. Nimeona biashara imegombana na fundi, na fundi akabaki na kila kitu: wateja wote, maoni yote ya Play Store, hata jina. Mwenye biashara alianza moja.

#4 · Mchangiaji, Nairobi

Huku kwetu hesabu ni ileile, lakini usisahau mambo ya risiti. KRA, mamlaka yetu ya mapato, inataka eTIMS, mfumo wake wa risiti za kielektroniki, kwa hivyo kuunganisha mauzo ya programu na eTIMS ni kazi ya kulipiwa kivyake. M-Pesa upande wetu tunatumia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, moja kwa moja, paybill au till, bila kampuni ya kati. Pia ofisi ya ulinzi wa data, ODPC, wataka ujisajili. Na mbona umeacha iPhone? Wateja wangu wa Kilimani na Westlands wengi wako huko.

#5 · Mleta uzi

Asante sana ndugu yangu, umegusa pote panapouma.

Risiti: huku ni EFD, ile mashine ya risiti, na kuna VFD ya kuunganisha mfumo wako na TRA, mamlaka yetu ya mapato, moja kwa moja. Kwa wakala wetu wa Mbagala nimeiacha nje ya toleo la kwanza kwa makusudi. Oda ikiingia, kaunta anatoa risiti kwenye mashine aliyonayo, bodaboda anaondoka nayo pamoja na mtungi. Sheria imefuatwa, pesa imebaki. Oda zikizidi uwezo wa kaunta, ndipo VFD iingie.

Taarifa za watu: Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Wakala wa gesi anakusanya majina, namba za simu na mahali watu wanapolala. Hizo ni taarifa nzito kuliko anavyodhani. Ajisajili, na bajeti ibebe kipengele cha mteja kufuta akaunti yake. Apple inakidai tangu 30 Juni 2022, na Google nao wanakidai.

iPhone: Apple wanatoza dola 99 kila mwaka. Ukitengeneza kwa Flutter au React Native, zana za kuandika programu moja ya Android na iPhone, sehemu kubwa ya kazi inatumika pande zote mbili, lakini majaribio hayakwepeki, na wakaguzi wa Apple wanakataa programu ambayo ni tovuti tu iliyofunikwa koti. Uamuzi utoke kwa wateja. Kaa kaunta wiki moja, angalia simu zinazotolewa mfukoni. Kwa Mbagala utaona Tecno, Infinix na itel kwa wingi, nyingine zimejaa picha hazina nafasi ya kitu kikubwa. Kwa hiyo pesa ya iPhone naipeleka kwenye kufanya programu iwe nyepesi na kuijaribu kwenye simu za bei ya chini zenyewe, si kwenye kompyuta ya fundi. Kwa Kilimani, uko sahihi, hesabu inageuka.

Kuna hofu nyingine naisikia kila mara: "Apple na Google watakula 30% ya mauzo yangu." Hapana. Makato hayo, mara nyingi 15% au 30%, ni ya bidhaa za kidijitali zinazotumika ndani ya programu, mfano kujiunga na masomo ya video au kununua ngazi za mchezo. Mtungi wa gesi, unga, nywele, nauli, hayo unalipisha kwa njia zako mwenyewe na hawachukui kitu.

Ramani nayo inataka uangalifu. Kuonyesha ramani ya Google ndani ya programu ya simu ni bure, lakini kutafuta anwani na kukokotoa njia kunalipiwa kwa kila ombi baada ya kiwango cha bure. Machi 2025 waliondoa ile nafuu ya dola 200 kwa mwezi na kuweka viwango vya bure kwa kila huduma. Fundi asiyejali anaweza kuuliza njia kila sekunde bodaboda anapotembea, na ankara ikaja ya kutisha. Kwa Mbagala nimepunguza zaidi: mteja anaweka alama alipo, anaandika "nyuma ya msikiti, geti la bluu", na bodaboda ana kitufe cha kumpigia. Njia anaijua kuliko Google.

#6 · Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu mimi nimepewa profoma ya dola 6,800, malipo 70% mwanzo. Kampuni iko hapahapa Mikocheni. Unashauri nini?

#7 · Mleta uzi

Kwanza waombe waiandike kwa shilingi. Tangu 28 Machi 2025 kuna kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinazokataza kupanga bei ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha ya kigeni. Wao wako Mikocheni, wewe uko Dar, shilingi inatosha. Na inakulinda: kazi ya miezi kadhaa kwa dola ni kubeba hatari ya kiwango cha kubadilishia ambayo si yako. Hesabu ya dola ibaki kwenye vitu vinavyolipwa nje kweli, seva na ada za maduka ya programu, na hapo weka nafasi ya kupanda.

Pili, 70% mwanzo ni kubwa mno. Napenda hivi: 20% kuanza, 25% muonekano ukikubaliwa na mfumo wa ndani ukionekana unafanya kazi, 25% oda ya kweli ikipita na pesa ya kweli ikiingia, 15% programu ikiwa hewani, na 15% ya mwisho siku 30 baada ya hapo. Kila hatua iandikwe kwa kitu unachoweza kukiona na kukijaribu. "Sehemu ya nyuma imekamilika kwa 80%" usiilipie, huna namna ya kuipima. "Mteja ameagiza mtungi wa kilo 15, amelipa, na oda imeonekana ofisini" unaipima mwenyewe ukiwa umekaa.

Tatu, muulizane kodi kabla ya kusaini. Ukilipa ada ya huduma kwa mkazi unatakiwa kuzuia 5% na kuipeleka TRA, kwa asiye mkazi 15%. Kwenye ile sh 11,250,000 ya wakala wetu, 5% ni sh 562,500. Fundi ambaye hakulijua ataona umemdhulumu siku ya malipo ya kwanza, na urafiki unaishia hapo. Na kama biashara yako haijasajiliwa VAT, VAT unayotozwa ni gharama yako moja kwa moja, huna pa kuidai.

Mabadiliko katikati ya safari yapewe bei yake. Utayataka, kila mtu anayataka. Ukiona programu inatembea ndipo mawazo yanakuja. Muweke kwenye mkataba sh ngapi kwa siku kwa kazi ya nyongeza, na kila nyongeza iandikwe kabla haijaanza. Ile akiba ya 20% ndiyo kazi yake.

#8 · Mchangiaji, Mwanza

Nimesoma yote hadi hapa. Nina duka la vipodozi, nina milioni 4 kamili na hakuna nyingine inayokuja. Nikae tu?

#9 · Mleta uzi

Usikae dada yangu, ila milioni 4 hiyo usiitupe kwenye aplikesheni sasa hivi. Kwa kanuni niliyoweka juu, milioni 4 ya miaka mitatu inaacha kama milioni moja na nusu ya kutengeneza, na hiyo haikupi malipo ya uhakika wala paneli ya maana.

Anza na WhatsApp Business. Kuifungua ni bure, ina katalogi: weka picha, bei na maelezo ya kila bidhaa. Chukua Lipa Namba kama huna, oda ikilipwa mteja anatuma ujumbe wa muamala, na wewe unahakikisha kwenye simu yako kwanza, usiamini picha ya skrini. Kila oda iingie kwenye jedwali moja: tarehe, bidhaa, kiasi, mtaa, mteja mpya au wa zamani. Ukitaka kuongeza, milioni moja inaweza kukupa tovuti nyepesi inayofunguka vizuri kwenye simu, isiyohitaji mtu kupakua chochote wala kutumia bando kubwa. Inayobaki weka kwenye mzigo na usafirishaji.

Jedwali hilo likifika miezi sita, litakuambia vitu ambavyo fundi yeyote angekutoza kuvitafuta: asilimia ngapi wanarudi, mitaa gani inaagiza, oda ngapi unapoteza kwa kuchelewa kujibu. Wateja wa kurudi wakiwa wengi na wewe unashindwa kujibu meseji, hapo una sababu. Wakiwa wachache, aplikesheni haitawarudisha, shida iko kwenye bidhaa au bei.

Ukiwa tayari, njoo humu na hilo jedwali ukiwa umefuta majina na namba za wateja. Andika na kazi tano unazotaka programu ifanye, ukianza na ile ambayo ukiikosa biashara inasimama. Tutapiga hesabu ya siku pamoja, na wadau wengine watasema wangekata ipi.